Springi Nne za Kumfuata Shangazi

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo, tunakula na tunalala. Goti la Mama limepoa, siku hizi anapanda ngazi bila kushika ukuta. Baba bado anafundisha udereva. Wiki iliyopita mwanafunzi wake mmoja aliliingiza gari la shule ndani ya duka la vitambaa. Hakuna aliyeumia isipokuwa mwanasesere wa dirishani, huyo kavunjika shingo. Baba alirudi, hakuvua hata viatu, akaenda kulala. Chumba chako Mama anakifagia kila Ijumaa na kufungua dirisha, ingawa hakuna anayeingia humo kukichafua.

Likizo ya mwisho wa mwaka tulikungoja. Ukasema lori la kushuka kutoka kambi yenu ya bwawa halikuwa na nafasi. Kabla ya hapo ilikuwa mvua, na kabla ya mvua ilikuwa greda. Silaumu, nakumbusha tu.

Sasa jambo lenyewe. Gari uliloniachia limechoka miguu. Springi ya nyuma imekatika, shokapu za mbele zinavuja, na nikishapita tuta moja gari linaitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka nifike getini. Nimepata koilova nne kwa mtu anayevunja magari ya ajali. Zimetumika kidogo, hazivuji, nyuzi zake za skrubu ni safi. Unazijua kuliko mimi: springi na shokapu vimeungana kuwa mguu mmoja, na kuna kola za kuzungusha ili gari likae juu au chini upendavyo. Nataka kuzifunga mwenyewe hapa uani, siku za mapumziko, maana siku nyingine niko ofisi ya bima napokea simu za watu waliogongana.

Baba anasema niite fundi. Nimemwambia fundi ninaye, ila anaishi milimani. Nielekeze, Shangazi. Najua simu hazishiki huko, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la mafuta nikamwomba asiikalie.

Mwanao,
Nati


21 Februari

Nati,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika ikinuka dizeli, na mgongoni mwa bahasha kuna alama ya kidole gumba cha dereva. Mimi ni mzima. Ukuta wa bwawa sasa umepita paa la karakana, na mbele yangu kuna greda lililofunguliwa tumbo tangu asubuhi, kama mgonjwa asiyetaka kusema anapoumwa. Mpe baba yako pole ya mwanasesere. Mkumbushe kwamba nilipomfundisha yeye kuendesha aligonga kisima, na kisima kilikuwa kimesimama.

Juzi upepo uling'oa bati la jiko, ikabidi tuhamishe meza yetu chini ya tangi la maji. Mpishi wa kambi alitoa amri kama nahodha. Chakula hakikuchelewa hata hivyo.

Kuhusu likizo: lori halikuwa na nafasi. Nimeshasema.

Koilova. Najua vijana wanavyopenda kushusha magari mpaka yanafagia lami. Ni gari lako, lishushe ukitaka, lakini fanya kazi kama mtu aliyelelewa na mimi. Kwanza pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike ukutani kwa chaki. Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini. Jeki ni ya kuinulia, haikuwekwa duniani kwa ajili ya kulaliwa chini yake, kwa hiyo weka stendi nne zilizo nzima na ulisukume gari kwa bega kabla hujaingiza hata mkono. Bolti zenye kutu zipake mafuta leo uzifungue kesho. Na paipu ya breki usiiache inabeba uzito wa kitu chochote, ifunge pembeni kwa waya.

Ukishautoa mguu wa mbele nje ya gari, simama hapo. Niandikie.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama sweta la bluu bado linakutosha. Baba amesikia habari ya kisima. Anasema kisima kile kilikuwa kimejengwa vibaya.

Mguu wa mbele umetoka! Bolti mbili za chini ziligoma Jumamosi nzima. Jumapili niliongeza bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia nalo kama nguo kwenye kamba. Ya kwanza ilipoachia ililia kama mlango wa stoo, nami nikajikuta nimekaa chini bila kuamua. Jirani yetu seremala alipiga makofi akiwa juu ya ukuta wake. Baba hasogei. Anasimama dirisha la jikoni na kikombe mkononi, ananitazama saa nzima. Nilipoingia kunywa maji nilichungulia kile kikombe. Hakina kitu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, je, koilova hizi naweza kuzipandisha badala ya kuzishusha? Nataka gari lisimame juu kuliko lilivyotoka kiwandani, hata kama ni kiganja kimoja. La pili, umeandika mmehamisha "meza yetu". Yenu wewe na nani?

Nimeshaona kwamba kifuniko cha juu cha mguu wa zamani inabidi nikihamishie kwenye koilova mpya. Kuna nati moja katikati. Jumamosi ijayo nitaifungua, maana kama kungoja lori nitazeeka.

Nati wako


17 Machi

Nati, usiifungue hiyo nati ya katikati. Salamu utanisamehe, zitakuja baadaye. Usiifungue kabla hujaibana springi.

Springi ya zamani imejikunja ndani ya ule mguu na kinachoizuia ni hiyo nati peke yake. Ukiitoa, kifuniko kinaruka na kitachukua kidevu chako. Mtu aliyenifundisha kazi hii alikuwa na meno manne ya bandia hapa mbele, na hayakutokana na uzee. Tafuta vibanio viwili vya springi, vile virefu vya kukaza kwa spana. Viweke vitazamane, ukaze huku kidogo na huku kidogo, mpaka springi ilegee ndani ya kikalio chake na uweze kuizungusha kwa mkono. Hapo ndipo nati ifunguliwe. Kama umeshaanza, usilete uso wako juu yake, na usimruhusu mtu kusogea.

Marahaba. Sweta linanitosha. Niko salama, ila nitakuwa salama zaidi nikipata jibu lako. Mvua imeanza na dereva anasema daraja la chini limefunikwa. Nimemwambia avuke mara tu maji yakishuka, amenitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Swali lako la kwanza: ndiyo, zinaweza kupandishwa. Kwa nini utake hivyo?

Shangazi


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na hili ili upumue: kidevu changu kipo. Barua yako imefika jana ikiwa imelowa na kukauka mara mbili. Mama alikuwa na homa lakini imekwisha. Baba ni mzima, na sasa utasikia uzima wake.

Jumamosi ile sikungoja. Nilikaa uani, mguu wa gari katikati ya magoti, nikaiegemeza spana kwenye ile nati. Nikazungusha mara moja. Mara ya pili kitu ndani kikasema *tik*, na kifuniko kikainuka unene wa ukucha. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nikabaki nimeishika spana, siendi mbele wala sirudi nyuma.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Baba huyo, ndara za Mama miguuni, anakuja haraka bila kukimbia, vile anavyomwendea mwanafunzi aliyesahau breki iko wapi.

"Rudisha ulikotoka," akasema. "Polepole. Uso pembeni."

Nikarudisha. Nati ikakaza. Baba akaingia ndani, akarudi na vibanio viwili vya springi vilivyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amevikopa kwa fundi wa shule yao wiki nzima kabla ya hapo, akavificha kwenye kabati la viatu.

"Kwa nini hukunipa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja uulize."

"Na mimi nilikuwa nangoja barua ya Shangazi."

Akaniangalia. "Sote katika nyumba hii," akasema, "tunangoja barua ya Shangazi."

Tangu siku hiyo anakuja uani. Anasema hashiki spana, yeye ni wa tochi tu, lakini tochi haimfunzi mtu kusema "robo nyingine, robo nyingine." Zote nne zimeingia. Mbele tulimaliza kwa siku mbili, nyuma asubuhi moja. Bado hatujalishusha gari chini, tunangoja neno lako.

Nauliza tu: kwenye barabara ya kupanda kambini, lile jiwe kubwa kabisa linafika wapi mguuni kwako? Kwenye kifundo au kwenye goti?

Na lile swali langu la meza uliliruka.

Nati


22 Aprili

Nati,

Marahaba, na Mungu ashukuriwe kwa kidevu na kwa ndara. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mwambie Mama anywe vitu vya moto. Mpishi anasema tangawizi isipondwe, ikatwe nyembamba, ndiyo inayofika kifuani. Mimi sina utaalamu huo, nakupa kama nilivyopewa.

"Nauliza tu!" Mtoto wewe. Gari la kumpeleka mtu ofisi ya bima halihitaji kuvuka mawe. Barabara ya huku haipitiki kwa gari dogo, nakwambia. Kuna mawe ya magoti, kuna mfereji uliokatwa na maji ambao hata lori la mafuta linauingia kwa upande kama kaa, na kona mbili za juu zina udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Kaeni nyumbani. Mimi nitakuja nikipata nafasi.

Nilifika hapo nikaweka kalamu chini. Nikafikiria, nikikuandikia vibaya makusudi, koilova zitakushinda, utabaki kwenu. Nikashika kalamu tena, mkono ukakataa. Miaka yote hii sijawahi kumdanganya mtu kuhusu gari. Kuhusu mengine, labda. Basi pokea, ingawa najua ninakufundisha njia ya kuja kunifumania.

Ukitaka kupandisha, zungusha ile kola ya chini, inayourefusha mguu mzima. Nyuzi zilizobaki ndani ya kikombe cha chini zisipungue upana wa vidole vitatu. Ukizidisha hapo mguu utavunjika kama mswaki siku ya jiwe la kwanza. Kushoto na kulia vilingane, upime kwa chaki zako za ukutani. Bolti za bushi, zile raba za maungio, usizikaze gari likiwa hewani. Shusha gari, likalie magurudumu yake, ndipo ukaze, la sivyo raba zitakaa zimejinyonga na zitachanika mapema. Kisha kapige alaimenti, magurudumu yanyooke.

Mawe ni ya kifundo. Machache ni ya goti, nayo yako upande wa kulia.

Shangazi


8 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama amepona. Alikata tangawizi nyembamba na amekiri, kwa shida, kwamba ilisaidia. Anauliza mpishi huyo amejuaje kifua chake. Nimemwambia ni mpishi wa watu mia mbili, lazima ajue vifua.

Gari limesimama chini! Limekaa juu kama mtu aliyevaa viatu vya mchuchumio, lakini limetulia. Bushi tulizikaza kama ulivyosema. Alaimenti tayari. Baba akasema sasa kuna mtihani. Nilidhani anatania. Akaja na ubao wake wa kuandikia, akavaa lile shati la shule, akaketi upande wa abiria, akafunga mkanda na kusema, "Mtahiniwa, unaweza kuanza." Tukaenda mpaka machimbo ya kokoto na kurudi. Matuta ameyakubali. Kona amezikubali. Lakini kila nikikata usukani nikiwa polepole, mbele kushoto panasema *kong*. Mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi halafu anaondoka. Baba aliandika, akapiga mstari, akaninyima cheti. "Gari linalobisha hodi," akasema, "lina jambo." Nati zote nimezikagua, zimekaza. Nisaidie.

Nisikufiche tena. Baba na mimi tunakuja Jumamosi ya pili ya Juni. Amechukua ruhusa kazini. Hajasema anakuja kufanya nini. Kila jioni anaketi kwenye gari lililozimwa na kushika dashibodi.

Mama amesikia kwamba bwawa linamalizika mwaka huu. Amenunua pazia jipya la chumba chako na rangi ya ukuta. Anauliza utapenda kitanda kikae upande gani.

Nati


19 Mei

Mwanangu Nati,

Marahaba. Mkono wangu leo ni mzito, kwa hiyo nitaanza na chepesi.

*Kong* yako ninaijua. Uliporefusha mguu wa kushoto, uliigusa pia kola ya juu, ile inayokaliwa na springi. Ikalegea kidogo. Sasa ukikata usukani springi inasogea, inajinyonga, kisha inaruka kurudi kwenye kikalio chake. Hapo ndipo panapobisha hodi. Inua upande huo, ikaze kola ya juu mpaka springi isicheze kwa mkono, kisha ongeza kidogo, ilingane na ya kulia. Ufunge kola zote kwa spana ya ndoano. Baba yako ni mtahini mzuri. Usimwambie nimesema.

Sasa zito.

Umeniuliza meza yetu ni ya nani. Ni yangu na mpishi. Tumekula meza moja mwaka wa pili huu. Kwanza alikuwa ananiletea sahani karakana kwa kuwa nilikuwa nasahau kula. Baadaye akawa analeta na yake. Ana miaka tisa chini yangu, mkewe alifariki zamani, hana maneno mengi, na nikimweleza habari ya injini anasikiliza hadi mwisho ingawa haelewi. Ameniomba tuoane. Nimemkubalia.

Nati, bwawa likiisha sirudi. Mji mdogo ulio chini ya mlima una uwanja wa malori. Yeye atafungua mkahawa, mimi nitafungua gereji ukuta wa pili. Ndiyo maana sikuja likizo. Lori lilikuwa na nafasi. Kilichokosekana ni namna ya kukaa mezani kwenu, Mama yako ananipakulia, nami najua kwamba nimeshahama.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa na baba yako kumi na moja. Nilisema mbele ya watu kwamba siolewi mpaka mdogo wangu asimame. Akasimama, akaoa, akakuzaa wewe, na mimi nikasahau kwamba naweza kukaa chini. Wachumba mlioniletea niliwafukuza kwa kicheko. Mmezoea kwamba mimi ni nguzo ya nyumba. Nani anaiuliza nguzo kama inapenda kwenda kwingine?

Hapo ndipo ninapoogopa. Watu watacheka kuhusu umri, waache wacheke. Ninachoogopa ni uso wa baba yako.

Shangazi


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo, na barua hii ni fupi kwa sababu lori linaondoka mchana.

Ilikuwa kola ya juu, kama ulivyosema. Nimeikaza, *kong* imekufa. Baba amenipa cheti, cha kweli, chenye mhuri wa shule.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Nimecheka na nimelia, na nakwambia bila kuzungushazungusha: nimefurahi. Mama ameniona usoni akaniuliza, nikashindwa kumficha. Akakunja lile pazia, akasema, "Linaingia dirisha la mkahawa?" Huyo usimhofie.

Baba sijamwambia. Hata nikitaka, mdomo hautafunguka. Uliyemlea ni wewe, mwambie wewe. Nitakachokufanyia ni kumfikisha.

Tunaondoka Jumamosi ile ile niliyokuandikia, alfajiri.

Nati wako


18 Juni

Nati,

Mmefika salama? Niandikie haraka. Mimi ni mzima, mpishi anakusalimu, na watu wa karakana bado wanauliza nani alifunga miguu ya lile gari.

Wewe ulikuwa nyuma ya usukani, hukuona nilichokiona. Acha nikwambie. Nilikuwa chini ya tingatinga nikasikia injini ndogo ikipanda. Masikio yangu yanaijua injini ile, nimeifungua mara nne. Nikatoka na grisi mikononi. Pale kona ya pili ya udongo mwekundu nikamwona baba yako anatembea kwa miguu mbele ya gari, suruali imekunjwa mpaka magotini, anarudi nyuma kinyumenyume huku anakuelekeza kwa mikono miwili: kushoto, kushoto, simama, njoo. Na wewe unamfuata. Tairi linapanda jiwe, mwili wa gari unabaki umetulia, tairi linashuka. Hakuna kilichogusa chini. Mafundi wangu wote waliacha kazi. Nilijiona nimesimama pale kama mama wa bibi harusi.

Mezani ulimsikia mwenyewe baba yako. "Bwana mpishi, unaendesha gari?"

"Hapana, sijajifunza."

"Vizuri. Upande wetu madereva wametosha."

Kila neno "bwana mpishi". Bwana mpishi, chumvi. Bwana mpishi, maji. Nikajua amekwisha kuhisi, na ananingoja. Nikamwita nyuma ya karakana, wewe ukabaki unaosha vyombo, nami nikakuona unaosha sahani moja mara tatu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia, "Mdogo wangu, sirudi." Akaomba kitambaa. Nikampa. Akafuta mikono, na mikono yake haikuwa na kitu. Akaniuliza, "Anakufaa, Dada?" Nikasema ananifaa. Akaendelea kufuta mikono. Kisha akasema anataka kwenda kuangalia ukuta wa bwawa, akaenda akautazama mpaka giza likaingia. Asubuhi alinishika mabega, akasema, "Kaa salama, Dada," akaingia garini.

Nimezoea kumsoma tangu akiwa na miaka kumi na moja na safari hii nimeshindwa. Nati, alisema nini njiani? Usinipambie. Kama alikasirika, sema. Kama alilia, sema pia.

Shangazi


29 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama, gari halijapoteza hata skrubu. Mama amenihoji kama polisi: mpishi ana urefu gani, ana meno, anacheka? Nimejibu yote.

Sasa Baba. Mlima wote hakusema neno. Kwenye udongo mwekundu alishuka akanielekeza kwa mikono. Kwenye mfereji vilevile. Alipanda, akashuka, akapanda, mpaka tukafika kwenye lami. Nikamwambia tusimame kidogo nikague nati za miguu, maana njia ile inaweza kulegeza hata meno. Akaitikia kwa kichwa.

Nikaingiza jeki na stendi, nikalala chini mbele kushoto na spana yangu. Kutoka pale niliona miguu yake tu. Alizunguka gari mara moja, akasimama, akafungua mlango wa nyuma, akatoa ule mfuko wa kuku wa njiani mliotufungia. Akaketi kwenye jiwe la ukingo wa barabara. Nikasikia karatasi inafunguliwa. Anakula taratibu, kama mtu anayefikiria kila mfupa. Nimemaliza kushoto, nimehamia kulia, bado anakula. Nikawaza, hapa ndipo litakapotoka. Nikashika spana bila kuizungusha.

Akajisafisha koo.

"Kuku huyu," akasema, "shemeji amemtia ndimu nyingi mno."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nani, Baba?"

"Shemeji," akasema. "Mume wa dada yangu. Kwani kuna mwingine aliyetupikia? Hebu toka huko chini uje ule, paja hili ni lako."

Nikatoka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ulisema nisikufiche. Lakini alikuwa anatafuna, Shangazi. Anatafuna, na kidole chenye mafuta kimenyooka kuelekea mlimani, ananieleza kwamba harusi itafanyika kabla ya mvua, na kwamba bwana yule, apende asipende, atajifunza kuendesha, kwa kuwa hakuna shemeji yake atakayebaki abiria.

Mwanao,
Nati